Barua ya Wazi kwa Wapangaji wa Mitaala ya Elimu ya Viungo: Msiifute Historia na Falsafa ya Michezo

Kwa wakuu wa vyuo vinavyoandaa walimu wa elimu ya viungo na makocha, na kwa wajumbe wa kamati za mitaala.

YAH: PENDEKEZO LA KUFUTA SOMO LA HISTORIA NA FALSAFA YA MICHEZO

Waheshimiwa,

Rasimu ya mtaala iliyotufikia wakufunzi inapendekeza kwamba somo la historia na falsafa ya michezo na mazoezi ya mwili, ambalo hadi sasa lina saa 45 katika mwaka wa pili, lifutwe, na yale yanayoitwa mambo yake ya msingi yaingizwe katika saa nne za wiki ya utangulizi, wakati ambapo mwanafunzi bado anatafuta bweni lake liko wapi. Sababu iliyotolewa ni kwamba saa hizo zinahitajika kwa fiziolojia, yaani elimu ya utendaji wa mwili, biomekanika, yaani elimu ya nguvu na miendo yake, na uchambuzi wa takwimu za wachezaji, yaani masomo ambayo mwajiri anayaelewa anapoyaona kwenye cheti. Nimelifundisha somo linalotakiwa kufutwa kwa miaka mingi, kwa hiyo mnayo haki ya kunishuku kwamba ninatetea kibarua changu. Nishukuni, lakini nisomeni hadi mwisho.

Sitasema kwamba historia ni tamu, wala kwamba msomi hupendeza akijua majina mawili matatu ya Wayunani. Ninachosema ni kwamba mtu mnayemkabidhi filimbi mnamkabidhi mamlaka. Yeye ndiye atakayeamua nani acheze na nani akae benchi, maumivu yapi ni ya kawaida na yapi ni ya kusimamisha zoezi, ushindi upi ni halali na upi umeibwa, na ataamua hayo kwa sekunde chache, mbele ya watoto wanaomwamini. Fiziolojia itamweleza moyo unafanya nini. Haitamweleza afanye nini yeye. Na asipofundishwa kuuliza maswali hayo, haimaanishi kwamba ataamua bila falsafa yoyote. Ataamua kwa falsafa aliyoirithi bila kuikagua, ambayo mara nyingi ni makosa ya watu waliokwisha kufa.

Chukueni mfano wa Amsterdam. Tarehe 2 Agosti 1928 wanawake tisa walikimbia fainali ya mita 800, umbali ambao wanawake hawakuwa wamewahi kuukimbia katika Michezo ya Olimpiki. Lina Radke wa Ujerumani alishinda kwa dakika 2 na sekunde 16.8, ambayo ilikuwa rekodi ya dunia, Hitomi Kinue wa Japani akawa wa pili na Inga Gentzel wa Uswidi wa tatu. Wote tisa walimaliza. Walikuwa wamechoka, bila shaka, kama anavyochoka mkimbiaji yeyote wa mita 800 aliyekimbia kwa dhati, kwa sababu mbio hizo hazina sehemu ya kupumzikia. Lakini baadhi ya magazeti yaliandika habari nyingine kabisa: kwamba wanawake walianguka njiani, kwamba kadhaa hawakufika mwisho, na kuna mwandishi aliyewahesabu kumi na mmoja, yaani aliona wanawake wawili ambao hawakuwako. Viongozi wa riadha wakaamini wino kuliko saa ya kupimia muda. Mbio hizo zikafutwa kwa wanawake, na hazikurudi katika Olimpiki hadi Roma mwaka 1960.

Miaka 32, waheshimiwa. Msichana aliyezaliwa siku ya fainali ile angeweza kukua, kufikia kilele cha nguvu zake na kuanza kushuka kabla ya kuruhusiwa kuzunguka uwanja mara mbili katika mashindano hayo.

Sasa wekeni kisa hicho kando ya kingine kilichotangulia kwa miaka 20. Katika marathoni ya London mwaka 1908, Dorando Pietri wa Italia aliingia uwanjani akiwa wa kwanza, akapotea upande, akaanguka, akainuliwa, akaanguka tena, mpaka maofisa walipomsaidia kuuvuka mstari. Alinyang'anywa ushindi kwa sababu ya msaada huo, dhahabu ikaenda kwa Johnny Hayes wa Marekani, na kesho yake Malkia Alexandra akampa Pietri kikombe kwa kumstaajabia. Mwanamume alianguka mara kadhaa mbele ya maelfu, akazawadiwa. Wanawake walichoka baada ya kumaliza, wakafungiwa. Tofauti haikutoka kwenye mapafu yao. Ilitoka kwenye macho ya waliowatazama, na macho hayo yalikuwa ya watu wenye elimu, waliokuwa na maelezo ya kitaalamu ya zama zao kuhusu udhaifu wa mwili wa kike.

Mnaweza kusema kwamba hayo yamepita. Mwaka mmoja nilikwenda kumkagua mwanafunzi wangu katika mazoezi ya kufundisha. Daftari lake la maandalio lilikuwa safi, malengo yameandikwa kama tulivyomfundisha, muda wa kupasha mwili umegawanywa kwa dakika. Aliwapanga wavulana wakimbie mizunguko minne na wasichana miwili. Kipindi kilipokwisha nilimwuliza sababu. Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa kiatu cha kulia mguu wa kulia, kisha akasema kwamba ndivyo alivyokimbizwa yeye alipokuwa shule. Huyu alikuwa na alama ya juu katika fiziolojia. Alikuwa anaweza kunichorea mchoro wa uwezo wa mwili kutumia oksijeni bila kutazama kitabu, na katika mchoro huo hakuna mahali palipoandikwa kwamba msichana wa miaka 13 akimbie nusu. Uamuzi wa Amsterdam ulikuwa bado unatembea uwanjani pale, umevaa fulana ya mwalimu kijana, na mwenyewe hakujua amembeba nani.

Ningeweza kuongeza uamuzi wa Chama cha Soka cha Uingereza wa Desemba 1921, kilichowazuia wanawake kucheza katika viwanja vya klabu wanachama kwa hoja kwamba mchezo huo hauwafai, mwaka mmoja tu baada ya mechi ya timu ya Dick, Kerr Ladies kuvuta watazamaji wapatao 53,000 mjini Liverpool. Katazo lile lilidumu kwa karibu nusu karne. Siliendelezi, kwa kuwa nadhani mmeliona jambo lenyewe: kinachoitwa hali ya asili ya mchezo mara nyingi ni azimio la kikao fulani, lenye tarehe na wajumbe, na mtu asiyeijua tarehe hiyo hulichukulia azimio kuwa maumbile.

Falsafa nayo huingia pale ambapo historia imekwisha kulifungua swali. Kila mwaka huwapa wanafunzi marathoni ya St. Louis ya mwaka 1904, nao huicheka kabla ya kunyamaza. Fred Lorz aliacha kukimbia, akapanda gari kwa sehemu kubwa ya njia, akashuka, akaingia uwanjani akishangiliwa kama mshindi, kisha ukweli ukajulikana akafutwa. Dhahabu akapewa Thomas Hicks. Njiani wasaidizi wa Hicks walimpa striknini, ambayo ni sumu, pamoja na ute wa yai na brandi, na hawakujificha. Gari lilikuwa udanganyifu. Sumu ilikuwa huduma.

Hapo huwauliza: kwa nini dawa za kuongeza nguvu ni kosa? Jibu la kwanza, bila kukosa, ni kwamba zimekatazwa. Basi mwaka 1904 hazikuwa kosa? Kimya. Shirikisho la kimataifa la riadha liliziandikia katazo mwaka 1928, vipimo vikaanza katika Olimpiki za mwaka 1968, na shirika la dunia la kupambana nazo, WADA, likaundwa mwaka 1999. Je, kosa lilizaliwa siku ya katazo au katazo lilikuja kulitambua kosa lililokuwako? Mmoja atasema ni kosa kwa sababu zinadhuru afya. Mwenzake atamkumbusha kwamba ngumi za kichwa nazo zinadhuru, na tunaziuzia tiketi. Mwingine atasema zinampa mtu faida asiyoistahili. Ndipo huwaletea mashindano ya dunia ya kuogelea ya Roma mwaka 2009, ambako rekodi 43 za dunia zilivunjwa na waogeleaji waliovaa mavazi maalumu ya kitambaa kisichopenyeza maji, na mavazi hayo yakapigwa marufuku kuanzia Januari 2010 ingawa hayakuwa yamemdhuru mtu. Rekodi zilibaki vitabuni. Ilikuwa haki kuzibakiza? Saa mbili hupita, na hakuna anayetazama simu.

Ninajua mjumbe mmoja wa kamati atauliza majadiliano hayo yana matokeo gani yanayopimika. Nitamjibu kwa kumpa hali ambayo kila kocha huikuta. Mzazi anakuletea chupa ya vidonge, anasema ni vitamini tu, wenzake wote wanatumia, na fainali ni Jumamosi. Kocha aliyekariri orodha ya dawa zilizokatazwa atasoma lebo, ataona jina halimo kwenye orodha, atatulia. Kocha aliyewahi kulazimishwa kueleza kwa maneno yake mwenyewe ushindani wa haki ni nini atauliza swali la pili. Sina kipimo cha swali la pili. Lakini ninajua mahali linapofundishwa, na si maabara.

Sasa nielezeni nanyi jambo hili: mpira wa kikapu ulitoka wapi? Haukuota wenyewe mitaani kama ilivyoota michezo mingi. Ulitungwa chuoni, na mkufunzi wa chuo kama vyenu, kwa ajili ya darasa lililokuwa limemshinda. Desemba 1891, katika chuo cha mafunzo cha YMCA mjini Springfield, Massachusetts, James Naismith alipewa siku 14 na mkuu wake, Luther Gulick, atafute mchezo wa ndani wa kuwashughulisha wanafunzi waliochoshwa na mazoezi ya kupanga safu wakati wa baridi. Alijaribu kuingiza michezo ya nje ndani ya ukumbi, wakaumizana. Ndipo alipoketi na kufikiri, na namna alivyofikiri ndiyo ninayotaka mwione. Alijiuliza ukali wa michezo ile hutoka wapi. Akaona hutoka kwenye kukamatana, na watu hukamatana kwa sababu mwenye mpira anakimbia nao. Basi akiukamata asikimbie. Akajiuliza kwa nini mipira hupigwa kwa nguvu za kuvunja mbavu. Akaona ni kwa sababu lango limesimama wima. Basi lango lilazwe, tena juu ya vichwa, ili nguvu isimfae mtu na ulaini umfae. Mtunzaji wa jengo alitumwa masanduku akarudi na vikapu vya matunda ya pichi, vikapigiliwa kwenye kingo za roshani, mita tatu hivi kutoka sakafuni. Kanuni 13 zikabandikwa ukutani. Wanafunzi walikuwa 18, tisa kila upande, na mchezo wa kwanza ulikwisha kwa bao moja kwa bila.

Naismith alikuwa amesomea theolojia kabla ya hapo. Rasimu yenu ingemwona amepoteza muda.

Kila mwaka wanafunzi wangu hucheza mchezo ule kwa kanuni zilezile 13. Dakika tano za kwanza ni vicheko, kwa sababu anayeudaka mpira hana ruhusa ya kusogea wala, wanavyodhani, kuudunda. Husimama kama aliyekanyaga gundi, akitafuta wa kumpasia. Baada ya muda mmoja wao, na kila mwaka hupatikana mmoja, huurusha mpira sakafuni mbele yake, huufuata na kuudaka mwenyewe. Upande wa pili hupiga kelele. Ugomvi unaofuata ndio somo la siku ile, nami huuacha uendelee. Wengine husema amekimbia na mpira. Yeye hujibu, akiwa ameshika karatasi ya kanuni, kwamba kanuni inakataza kukimbia na mpira mkononi na mpira haukuwa mkononi. Je, ameharibu mchezo au ameuendeleza? Wachezaji wa miaka ile ya mwanzo waliligundua pengo hilohilo, na kudunda mpira, ambako leo mtoto hufundishwa siku ya kwanza kama kiini cha mchezo, kulizaliwa kama ujanja wa kukwepa kanuni. Baada ya kuyaona hayo kwa miguu yao, wanafunzi hawaisomi tena kanuni kama amri iliyoshuka. Wanauliza inalinda nini.

Mwanafalsafa Bernard Suits aliliweka jambo hili vizuri alipoonyesha kwamba kucheza ni kukubali kwa hiari vizuizi ambavyo havikuwa na ulazima. Mrukaji wa kuruka juu angeweza kupita chini ya mwamba akafika upande wa pili bila jasho. Hakuna anayemzuia, ila akifanya hivyo hakuna tena kitu cha kufanya. Mtu aliyelielewa hilo anajua kwa nini tapeli hamwibii mpinzani peke yake. Anajiibia na yeye mwenyewe mchezo aliokuja kuucheza. Nami sijaona njia fupi ya kumfikisha kijana wa miaka 20 kwenye uelewa huo. Saa nne za utangulizi hazitoshi hata kumaliza ugomvi wa kudunda mpira.

Kuna jambo la tatu, nalo ndilo linaloniuma zaidi, ingawa ni gumu kulieleza mbele ya kamati. Lugha yetu yenyewe imetutegea mitego miwili. Tunasema elimu ya viungo, kana kwamba tunafundisha magoti na mabega badala ya watu. Na tunasema mchezo kwa kila kitu, kuanzia utoto wa kukimbizana hadi fainali ya dunia, kisha tunamwambia mtu asituletee mchezo, tukimaanisha awe makini. Kwa hiyo somo letu hufika kwenye kikao cha bajeti likiwa limekwisha kudharauliwa na jina lake, na sisi wenyewe, tukitafuta heshima, tunakimbilia vipimo na mashine ili tufanane na wanasayansi. Plato, ambaye inasimuliwa kwamba alikuwa mwanamieleka, alikwisha kuikataa hesabu hiyo ya mwili upande huu na akili upande ule. Alishikilia kwamba mazoezi ya mwili na muziki vyote viwili ni kwa ajili ya nafsi: anayefuata mazoezi peke yake huwa mkali na mgumu, anayefuata muziki peke yake hulegea. Mwenzake aliyemtangulia, Xenofane, alilalamika kwamba miji huwaheshimu washindi wa mbio na mieleka kuliko wenye hekima. Huo ni ubishi wa zaidi ya miaka 2,400, na bado ndio unaoamua nani apewe uwanja na nani apewe maktaba. Kano Jigoro alipoanzisha judo mwaka 1882 aliuchukua upande wa Plato bila kumhitaji: alitaka kumwangusha mtu kuwe ni njia ya kujifunza kutumia nguvu kwa busara na kunufaishana na mwenzako. Mtoeni Kano maneno hayo, atabaki na mbinu za kuangushana.

Na pale tulipouacha ubishi huo, wengine waliujibu kwa niaba yetu. Ile desturi ya kuwapanga watoto kwa safu, kuwahesabisha na kuwaamrisha wanyooshe mikono kwa pamoja haikutoka kwenye utafiti wa ukuaji wa mtoto. Inabeba alama za Ulaya ya vita vya Napoleon: Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wake wa mazoezi nje ya Berlin mwaka 1811, Prussia ikiwa imeshindwa vitani na inatafuta vijana imara, na Pehr Henrik Ling akaanzisha taasisi yake Stockholm mwaka 1813, ambako maofisa wa jeshi walifunzwa pamoja na walimu. Safu si dhambi. Mimi mwenyewe hupanga safu wanafunzi wakiwa 60 na mipira ikiwa sita. Lakini mwalimu anayejua safu ilitengenezwa kwa kazi gani hujua pia wakati wa kuivunja, na yule asiyejua hudhani nidhamu ndiyo umbo la mstari.

Hata afya, ambayo siku hizi ndiyo hoja yetu ya kuombea fedha, ina historia yake. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa nzima, walipata maradhi ya moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva walioketi. Ushahidi wa namna hiyo umeokoa maisha ya watu, na ndio ulio nyuma ya ushauri wa Shirika la Afya Duniani kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Naukubali wote. Ila nawaulizeni kama ninavyowauliza wanafunzi: ikiwa faida ya mazoezi ni moyo peke yake, na kesho ikapatikana dawa inayofanya kazi hiyohiyo, tutafunga viwanja? Wote hukataa kwa sauti, kisha hushindwa kusema kwa nini. Mwalimu asiyeweza kusema kwa nini atashindwa siku ambayo mtu wa fedha atauliza, na siku hiyo haiko mbali, kwa kuwa rasimu yenu ni mwanzo wake.

Lazima pia niseme kosa letu. Somo hili tumelifundisha vibaya katika sehemu nyingi, mimi nikiwamo katika miaka yangu ya kwanza. Tuliligeuza kuwa orodha: mwaka 776 kabla ya Kristo, olimpiki ya kwanza, mwaka 1894, Pierre de Coubertin na kuundwa kwa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwaka 1896, Athens, andika, kariri, sahau. Tena tuliuza hadithi. Tuliwaambia wanafunzi kwamba mwenge hukimbizwa tangu enzi za Wayunani, ilhali mbio za mwenge zilibuniwa kwa ajili ya Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936, chini ya utawala wa Hitler, na wakimbiaji zaidi ya 3,000 wakaupokezana kutoka Olympia. Tuliwaambia habari ya mjumbe aliyekimbia kutoka Marathon hadi Athens akatoa habari ya ushindi na kufa, wakati Herodoto, mwandishi wa karibu zaidi na vita vile, anamweleza mkimbiaji aliyetumwa Sparta kuomba msaada. Tuliwafundisha neno ridhaa, yaani kucheza bila malipo, kama fadhila safi, bila kuwaambia kwamba kanuni za mashindano ya makasia ya Henley za mwaka 1879 ziliwatenga mafundi na vibarua kwa sababu walifanya kazi ya mikono, wala kwamba Jim Thorpe, mwanariadha wa Marekani, alinyang'anywa medali zake za Olimpiki ya mwaka 1912 kwa kucheza besiboli kwa malipo madogo, zikarudishwa kwa warithi wake mwaka 1983 akiwa amekwisha kufa, na akatambuliwa kuwa mshindi pekee mwaka 2022 tu. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa namna ile ana haki ya kuliona somo halina kazi. Lakini dawa ya chakula kibaya si kumfunga mtu mdomo.

Kwa hiyo ombi langu si kwamba mliache somo lilivyo. Lihamisheni, mkipenda, kutoka mwaka wa pili hadi muhula unaofuata mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi akiwa amekwisha kupuliza filimbi na kujuta angalau mara moja, kwa sababu swali la haki halina ladha kwa mtu ambaye hajawahi kudhulumu. Ondoeni mtihani wa tarehe. Mahali pake mwekeni mtahiniwa mbele ya uamuzi halisi, wa mwamuzi, wa kocha au wa mwalimu, atakiwe kueleza kanuni inayohusika ilitoka wapi, ilikusudia kulinda nini, na yeye angefanya nini. Punguzeni saa zikiwa lazima zipungue. 30 zilizofundishwa vizuri nitazipokea bila kinyongo. Ila somo msimkabidhi mkufunzi yeyote kwa kuwa tu hana vipindi vingine vya kufundisha, kama nilivyoona likifanyiwa mahali fulani, maana somo lenye maswali likiongozwa na mtu anayeogopa maswali hurudi kuwa orodha ndani ya wiki mbili.

Dibaji ya rasimu yenu inautaja Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1978, unaosema kwamba elimu ya viungo na michezo ni haki ya msingi ya kila mtu. Ni maneno mazuri. Wanawake wa Amsterdam wangependa kuyasikia miaka 50 kabla. Ningependa kujua ni somo gani, katika yale yatakayobaki, ambamo mwalimu mtarajiwa ataelezwa kwa nini ilibidi yaandikwe.

Nimearifiwa kwamba kikao cha kupitisha rasimu kitafanyika kabla ya mwisho wa muhula. Naomba nipewe dakika 40 kabla ya kura. Sitaleta mada iliyoandikwa. Nitakuja na mpira mmoja, vikapu viwili na kanuni 13 zilizochapwa kwenye karatasi, nami nitawaomba waheshimiwa wajumbe mvue makoti, mgawanyike tisa kwa tisa kama mtatosha, na mcheze mpaka mmoja wenu atakapoudunda mpira.

Wenu katika kazi,

Mkufunzi wa historia na falsafa ya michezo